Santuri ya marehemu baba ya "Mbangua Korosho" inaimba kama iko msibani. Nimeiharibu au pleya ndiyo mbovu?

#1 Mwana_Chikongola (mleta uzi), Ijumaa, saa 4:12 usiku

Wakuu habari za usiku. Niko Mtwara mjini, Chikongola, na nina shida ambayo nikimweleza mtu wa mtaani ananiuliza kama nimekula.

Marehemu baba alisoma Moscow miaka ya 1970, pale Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, mambo ya uhandisi wa kilimo. Wenzake walirudi na makoti na friji. Yeye alirudi na sanduku la santuri. Nyingi zimeondoka mojamoja (wajomba wengine wakiazima wameazima moja kwa moja), nyingine zimeliwa na ukungu. Iliyobaki nzima ni seti moja, santuri mbili, pande nne: baleti (hadithi inayochezwa jukwaani kwa muziki) ya mtunzi wa Kirusi Tchaikovsky, ambayo Warusi wanaiita Shchelkunchik. Lebo ni Melodiya, lile shirika la santuri la serikali ya Kisovieti, na maandishi yote ni ya Kirusi.

Maana ya jina ni kile chombo cha kuvunjia njugu, kinachochongwa kwa umbo la askari wa mbao. Baba alilikataa neno "kuvunja". Alisema watu wa kusini tuna kitenzi chetu na wala hatuhitaji kuazima: kubangua. Kwa hiyo nyumbani kwetu ile baleti inaitwa Mbangua Korosho, na mimi nilikuwa mtu mzima ndipo nikagundua dunia nzima haiiti hivyo.

Pleya yake ya Kirusi ilikufa nikiwa darasa la sita. Tangu hapo seti imelala chini ya kitanda cha mama, imefungwa kwenye kanga. Mwezi uliopita kaka yangu aliyeko Marekani akaniletea pleya ya zamani, nzito, nzuri ajabu, kifuniko cha kioo, ya kutumia mkanda. Nikanunua transfoma ya kushushia umeme, nikaunganisha na amplifaya na spika, nikashusha sindano mikono ikitetemeka.

Wakuu. Ule wimbo wa kufungulia ninaoukumbuka kama panya wanakimbizana darini, sasa ni ng'ombe wanaenda kunywa maji. Fidla zina sauti ya mtu aliyeamshwa. Na besi haipo kabisa, nimeweka sikio kwenye spika, hakuna kitu.

Mama alikuwa anapita na ndoo. Akasimama, akasikiliza kama dakika mbili, akasema "Hii siyo ya baba yako," akaendelea na safari yake.

Swali: santuri inaweza kulegea kwa joto la chini ya kitanda kwa miaka yote hiyo? Au nimeiharibu nilipoiosha?

#2 Chai_ya_Tangawizi

Nimesoma mpaka mwisho, nilichoelewa ni korosho tu. Naweka kambi hapa, wajuzi wanakuja.

#3 BintiMikindani

Pole kaka. Uliiosha na nini? Kama ni kile kimiminika cha kufutia kioo cha gari sema mapema tukupe pole kabisa.

#4 Mwana_Chikongola

Hapana dada. Maji ya betri, yale ya kuongezea, na tone mbili za sabuni ya vyombo, kwa kitambaa laini, kufuata mfereji (ule mstari sindano inamopita). Nikasuuza kwa maji hayohayo, nikaziegemeza kwenye kichanja cha vyombo zikauke.

#5 Mzee_wa_Mitama_Lindi

Hapo ulifanya sawa kijana. Maji ya bomba yetu yana chumvi, yakikauka yanaacha unga mweupe mferejini halafu sindano inausoma kama mchanga. Ila wengine mnaopita hapa angalieni chupa mnayonunua. Dukani "maji ya betri" ni mawili, kuna maji yaliyochemshwa yakageuzwa mvuke na kurudishwa, na kuna asidi. Chupa zinafanana. Msije mkaosha santuri na vidole.

Na kama mtu ana zile nzito za zamani za mizunguko 78, zinazovunjika kama sahani, kamwe asizifute kwa spiriti. Hizo zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu na spiriti inauyeyusha. Mimi nilikuwa nazo nne za taarabu za marehemu shangazi, sasa ninazo tatu. Msiniulize.

Turudi kwa kijana. Santuri kulegea mpaka wimbo wote ushuke kwa kipimo kilekile, hapana. Santuri ikipinda kwa joto utaona mkono wa sindano unapanda na kushuka kama ngalawa, na sauti inayumba. Yako inayumba au imetulia tu chini?

#6 Mwana_Chikongola

Shikamoo mzee. Haiyumbi. Imetulia chini kama bwana shamba.

#7 Mwl_wa_Kwaya_Masasi

Marahaba kwa niaba ya mzee, maana najua atachelewa kujibu.

Mleta uzi, nisaidie kitu kimoja. Upande wa nne, baada ya ile walsi (ngoma ya mapigo matatu) ndefu ya maua, kuna kipande polepole cha watu wawili wakuu kucheza. Kinubi kinatangulia kama maji, halafu chelo, zile fidla za kuegemeza magotini, zinaingia. Wimbo wake wote ni ngazi ya kawaida inayoshuka: d' t l s f m r d. Basi. Kitu tunachowafundisha watoto wa Jumapili siku ya kwanza. Jamaa amekichukua hichohicho, akakipa pumzi mahali pake, na kila nikikisikia nakaa chini. Nimefundisha kwaya miaka kumi na tisa na sijapata kuelewa amefanyaje.

Sasa: kile kipande kiko kwenye ufunguo wa G, na chelo zinatakiwa kuanzia G. Kama una kinanda, hata kile kidogo cha watoto, tafuta chelo zako zinaanzia wapi.

#8 Mwana_Chikongola

Mwalimu, nimeazima kinanda cha mtoto wa jirani. Inaanzia E. Siyo E kamili, imezama kidogo chini yake.

#9 Mwl_wa_Kwaya_Masasi

Kutoka G hadi hapo ni nusu-sauti tatu na ushee. Huo siyo uchakavu. Huo ni mpango.

#10 Ngoma_Kwanza

Samahani wakuu nitakuwa mkali kidogo. Mtu uko Mtwara, kwenye ngoma za Wamakonde, sindimba na mapiko, unahangaika na ngoma ya Warusi wa karne ya kumi na tisa wanaovaa soksi ndefu. Hii ni kasumba. Nani kawaroga watu wa kusini?

#11 FundiPuli

Ngoma Kwanza subiri kwanza, mtu ana mgonjwa mezani.

Mleta uzi, geuza pleya, kuna kibati nyuma au chini. Niandikie kila kilichoandikwa, hasa namba mbili za mwisho.

#12 Mwana_Chikongola

Kuna jina la kampuni, namba ya mashine, halafu: 120 V, 60 Hz.

#13 FundiPuli

Nilijua.

Transfoma yako inashusha volti, 230 iwe 120, hiyo imefanya kazi yake na ndiyo maana mota haijaungua. Lakini umeme wa nchi moja na nyingine unapishana pia kwa jinsi unavyopiga: Marekani unapiga mara 60 kwa sekunde, kwetu mara 50. Transfoma haigusi kitu hicho. Inaingia 50, inatoka 50.

Mota za pleya nyingi za zamani zinazofungwa mkanda zinafuata pigo la umeme kama mpagazi anavyofuata wimbo. Umeme ukipiga 60 inakwenda ilivyokusudiwa, ukipiga 50 inakwenda tano ya sita. Santuri yako ilitakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, inazunguka kama 27 na robo tatu. Wimbo unapungua mwendo na sauti inashuka kwa pamoja. Nusu-sauti tatu na ushee za mwalimu ndizo hizo.

Pleya ya mzee wako ilikuwa ya Kirusi, umeme wao ni 50 kama wetu. Ndiyo maana haikuwahi kuleta shida.

Usiniamini mimi. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sinia la pleya, chukua saa, hesabu mizunguko kwa dakika tatu. Nzima inatoa 100.

#14 Chai_ya_Tangawizi

Kwani kwa nini asipige tu wimbo huohuo kwenye simu akalinganisha muda?

#15 FundiPuli

Kwa sababu kwenye simu ni okestra nyingine na kiongozi mwingine. Kila kiongozi ana mwendo wake. Karatasi haina kiongozi.

#16 Mwana_Chikongola

Nimehesabu mara mbili. Ya kwanza 83. Ya pili 83 na kama theluthi.

Fundi nakusalimia kwa heshima zote.

#17 FundiPuli

83 na theluthi ndiyo jibu la kitabu. Lala.

#18 Mwl_wa_Kwaya_Masasi

Kabla hujalala, ile shida ya besi. Hiyo siyo shida. Wimbo wa kufungulia Tchaikovsky aliuandika bila chelo na bila fidla kubwa za besi. Alizitoa kwa makusudi ili uwe mwepesi, wa kitoto, maana hadithi ni ya mtoto na zawadi zake usiku wa Krismasi. Ngoja pazia lifunguliwe, besi utaipata hadi ya majirani.

#19 Mwana_Chikongola

Yaani nimefungua spika zote mbili bure na bisibisi.

#20 BintiMikindani

😂😂 Jamani.

#21 Mwana_Chikongola, Jumamosi, saa 2:05 asubuhi

Nimjibu Ngoma Kwanza, maana hata baba aliulizwa hivyohivyo na mashemeji zake.

Mama yangu ni Mmakonde wa Newala, sindimba ameicheza mpaka magoti yalipomkataza. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, yeye na shangazi zangu walikuwa wanakaa barazani kubangua za kula na za kuuza kwa vikombe. Zinakaangwa kwanza kwenye bati hadi mafuta ya ganda yashike moto, moshi unaoliza macho, zinamwagiwa mchanga, halafu kila mtu na jiwe lake na kipande cha mti. Vidole vinapakwa majivu kwa sababu yale mafuta yanababua. Unaweka korosho kwa ubavu, unaigonga pigo moja. Ukigonga kwa woga ganda linabaki. Ukigonga kwa hasira korosho inakuwa vipande, na vipande havina bei.

Baba alikuwa anaburuta pleya hadi dirishani. Anaweka upande wa tatu. Humo ndimo zilimo zile ngoma za vyakula: Chokoleti ni Wahispania, Kahawa ni Waarabu, Chai ni Wachina, halafu wanaingia Warusi wenyewe na ngoma yao ya kuruka, trepak. Hiyo haizidi dakika moja na nukta chache. Inaanza kwa kasi na mwisho wake inaongeza kasi. Na barazani mawe yalikuwa yanaifuata. Hakuna aliyepanga. Shangazi mmoja alikuwa anashangilia ikiisha, kisha wanahesabu nani kabangua nyingi bila kuvunja, na baba anarudisha sindano.

Sasa niambie, hao walikuwa na kasumba ya nani?

#22 Ngoma_Kwanza

Aya hiyo umenipata. Lakini bado nasema ungetupia na picha ya mapiko.

#23 Mwl_wa_Kwaya_Masasi

Ngoma Kwanza, hata jina lako liko upande wetu. Baleti ni ngoma. Tchaikovsky hakukaa kwake akatunga anachotaka halafu wachezaji wakahangaika. Marius Petipa, mtunga hatua za wachezaji baleti wa St. Petersburg, alimwandikia mapema orodha: hapa nataka mapigo kadhaa ya kitu cha furaha, hapa kadhaa ya kuogopesha, mti wa Krismasi unakua, panda muziki. Kama mpiga ngoma anavyomtazama mchezaji miguu. Petipa aliugua, msaidizi wake Lev Ivanov akashika kazi, na ikaonyeshwa mara ya kwanza Desemba 1892.

Ndiyo maana mwendo ukikosewa hapa ni kosa kubwa kuliko kwenye muziki wa kukaa na kusikiliza. Mtu anaruka. Hawezi kubaki juu akikusubiri.

Na kuna jambo mimi hulibeba nikisikiliza ile ngazi inayoshuka. Mwaka 1891, kazi hii ikiwa mikononi mwake, Tchaikovsky alifiwa na dada yake, Aleksandra. Yeye alikuwa safarini kwenda Marekani. Sisemi wimbo unahusu hilo. Nasema tu kwamba kwenye baleti ya pipi na midoli kuna mahali chelo zinashuka ngazi nane na siwezi kuzifundisha watoto siku hiyo.

#24 Mzee_wa_Mitama_Lindi

Marahaba mleta uzi, nilikuwa shamba.

Mwalimu hukutaja kengele.

#25 Mwl_wa_Kwaya_Masasi

Mzee nakuachia.

#26 Mzee_wa_Mitama_Lindi

Kuna ala inaitwa selesta. Umbo la kinanda, lakini ndani nyundo zinagonga vibati vya chuma, inatoa sauti ya matone ya maji kwenye sufuria ya aluminiamu usiku. Ilibuniwa Paris mwaka 1886 na bwana Mustel. Tchaikovsky aliisikia hukohuko, akamwandikia mchapishaji wake aitafute na aiingize Urusi kimyakimya, wasije watunzi wenzake Rimsky-Korsakov au Glazunov wakainusa na kumtangulia. Mtu mzima, jina kubwa, anaficha kengele kama mtoto anavyoficha embe. Ndiyo unayoisikia kwenye ngoma ya yule malkia wa pipi, na chini yake klarineti ya besi inashuka kama mlevi anayetafuta ngazi.

Kwenye santuri hiyo selesta ndiyo mtihani wa sindano. Sindano ikichakaa, matone yanageuka mchanga. Kijana, sindano yako ni ya almasi au yakuti?

#27 Mwana_Chikongola

Kaka anasema almasi, lakini ni ileile ya mwenye pleya wa kwanza. Matone bado ni matone. Ila mwisho kabisa wa upande wa nne, ile walsi ya kufungia ikipanda, tarumbeta zinakwaruza.

#28 FundiPuli

Hapo sehemu ni sindano, sehemu ni maumbile. Santuri inazunguka kasi moja lakini mfereji wa nje ni duara kubwa na wa ndani ni dogo. Ukingoni sindano inasafiri kama sentimita 50 kwa sekunde, karibu na lebo ni kama 20 tu. Sauti ileile inabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Na watunzi walivyo, kelele zote wanaziweka mwisho. Kwa hiyo kilele cha wimbo kinaangukia mahali pabaya kuliko pote. Hakuna dawa kamili. Pima uzito wa sindano, usafishe, na upunguze matarajio.

Kwenye puli sasa. Fungua sinia, pima puli ya mota (kile kigurudumu kinachovuta mkanda) kwa kipimo cha fundi, ile ngazi ya mwendo wa 33.

#29 Mwana_Chikongola

Milimita 10 kamili.

#30 FundiPuli

Mota imepungua hadi tano ya sita, basi puli iongezwe kwa sita ya tano. Milimita 12. Nenda kwa mtu wa kukereza, mwambie aluminiamu au shaba, tundu la katikati liwe sawasawa na mhimili wa mota, lisicheze hata unywele. Uso wake uwe na tumbo kidogo katikati ili mkanda usitambae ukachomoka.

#31 Chai_ya_Tangawizi

Si azungushie tepu tu? Milimita moja kila upande, tepu ya fundi umeme raundi saba hivi. Bure kabisa.

#32 FundiPuli

Anaweza. Atajifunza kitu.

#33 Mwana_Chikongola, Jumapili, saa 11:30 jioni

Nimejifunza kitu.

Tepu raundi saba. Mwendo ulirudi, kwa sekunde chache nilipiga kelele hadi mtoto akaamka. Halafu ikaanza: mwisho wa tepu una kigingi, kila puli ikizunguka mkanda unaruka kidogo, na chelo zilikuwa zinaimba kama mtu anayeongea nyuma ya pikipiki. Saa mbili baadaye, kwa joto hili, gundi ikaanza kutoka na mkanda ukateleza. Kusafisha ile gundi kwenye mkanda ilinichukua muda mrefu kuliko baleti yenyewe.

Mama alipita tena. Safari hii alikaa. Nikamwekea upande wa tatu kwa ule mwendo mbovu, bila tepu, ili tu nimwonyeshe tatizo lilikuwa nini. Warusi wakaanza kuruka kama wamekula ugali mzito. Mama akawa anatikisa kichwa. Akasema, "Kwa mwendo huu gunia halitaisha."

Nikagundua mkono wake wa kulia ulikuwa unagonga gotini. Anagonga ule mwendo wa zamani, wa kweli, na santuri inamfuata nyuma. Alikuwa anamaliza mstari na wale bado wako njiani. Miaka zaidi ya ishirini hajasikia.

Nikafungua saa ya simu, nikamwomba agonge mwenyewe bila muziki mpaka mwisho wa ngoma, akiimba kichwani. Dakika moja na nukta tisa.

#34 BintiMikindani

Mimi nimelia ofisini na ni Jumapili, sijui niseme nini kuhusu maisha yangu.

#35 Mwl_wa_Kwaya_Masasi

Mwanangu, mama yako ana kitu ambacho wanafunzi wa muziki wanalipia ada. Mpe shikamoo yangu. Mbili.

#36 Ngoma_Kwanza

Sasa huyo ndiye mpiga ngoma. Nimefunga mdomo rasmi.

#37 Mwana_Chikongola, Alhamisi, saa 1:50 usiku

MREJESHO.

Nilimpata fundi huku karibu na gereji, kazi yake kubwa ni kukereza bushi za mashine za boti. Nikampa puli ya zamani na mchoro kwenye karatasi ya daftari. Akaniuliza ni ya mashine gani. Nikamwambia ya muziki. Akaniuliza boti gani ina muziki wa mkanda. Tukaachana hapo. Aluminiamu, milimita 12, tundu amelipima mara tatu, na ngazi ya 45 tumeiacha kwa sababu sina santuri ya 45. Shilingi elfu kumi na tano pamoja na soda aliyoniagiza nimnunulie.

Nimefunga, nimeweka karatasi ukingoni, nimehesabu. Dakika tatu, mizunguko 99 na kidogo sana.

Fundi Puli, ile mia iko wapi?

#38 FundiPuli

Kosa langu, nilisahau unene wa mkanda. Mkanda nao unaongeza upana wa puli, ya zamani na mpya sawasawa, kwa hiyo hesabu ya sita ya tano haitoki kamili ukipima chuma peke yake. Kama mkanda ni wa nusu milimita na kidogo, ilitakiwa 12.1 au zaidi ya hapo nukta moja. Unapoteza asilimia moja. Sikio la kawaida halioni. Mwalimu je?

#39 Mwl_wa_Kwaya_Masasi

Mimi pengine ningeiona siku nikiwa na njaa. Aiache.

#40 Mzee_wa_Mitama_Lindi

Na mwenye nyumba kasemaje? Huyo ndiye kipimo.

#41 Mwana_Chikongola

Ndiyo nilikuwa naandika, mzee.

Sikumwambia kitu. Nilifungua dirisha la barazani, nikaweka upande wa kwanza, nikaacha uende wenyewe. Wimbo wa kufungulia: panya, wakuu. Panya kabisa. Upande wa pili kwenye theluji kuna watoto wanaimba bila maneno, "aa" tupu, sikuwa nalikumbuka hilo hata kidogo, nadhani utotoni nilidhani ni watoto wa jirani.

Mama alikuja na ungo. Korosho zenyewe siyo za msimu, ni za akiba, kikombe kimoja na nusu, na wala hazikuhitaji kubanguliwa leo. Amekaa palepale alipokuwa anakaa, na jiwe sijui amelitoa wapi. Upande wa tatu ukafika. Wahispania, Waarabu wale wa kahawa ambao ni kama bembelezo, Wachina, halafu Warusi.

Hakuharakishwa wala hakusubirishwa. Pigo la mwisho na jiwe la mwisho vimeangukia pamoja. Ungoni kulikuwa na korosho kumi na moja nzima na kipande kimoja, na hicho kipande alikitazama kwa chuki.

Kisha akasema nirudishe sindano.

Nimeirudisha mara sita. Mara ya saba umeme ulikatika katikati ya mruko, Warusi wakazama taratibu mpaka chini kabisa kama jenereta linazimwa, na mama akamalizia peke yake gizani, ko, ko, ko, hadi mwisho.

#42 Chai_ya_Tangawizi

Naomba radhi kwa ushauri wa tepu.

#43 Mzee_wa_Mitama_Lindi

Kijana, mara sita kwa siku moja kwa sindano ya mtu wa kwanza, utaula huo mfereji ubaki mweupe. Agiza sindano mpya kabla ya Oktoba. Mimi nina Ziwa la Bata Maji ya Melodiya hiyohiyo, santuri tatu, moja ina mkwaruzo upande wa tano. Nikija Mtwara kwa mambo ya pensheni nitaibeba, mama aisikilize. Lakini sikuachii. Wajomba ni wengi.

#44 Mwana_Chikongola

Karibu sana mzee. Nimemwambia mama. Ameuliza kama hiyo ya bata ina mahali pa kubangulia.

#45 Mwl_wa_Kwaya_Masasi

Mwambie kitendo cha tatu, ngoma ya watu wa Napoli, Italia. Lakini ajiandae, hiyo nayo inaongeza kasi mwishoni.